Hekima ya Sancho Panza

Huenda siku moja, msomaji, ukaingia chuo kikuu ukachagua kusoma Kihispania. Kwanza utafunzwa kusalimu na kuuliza bei. Lakini elimu ya juu ya lugha haikomi sokoni. Huanza pale mwanafunzi anapotambua fikira za watu katika maneno yao. Mlango mmoja wa elimu hiyo ni Don Quijote, kitabu cha Miguel de Cervantes, kilichotolewa kwa sehemu mbili, mwaka 1605 na mwaka 1615.

Wengi hukijua kwa kisa kimoja tu: bwana aliyerukwa na akili kwa kusoma hadithi za mashujaa, akashambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Aishiaye hapo hucheka, kisha hufunga kitabu kabla hakijamfunza neno. Mtu wa kumtazama sana ni mtumishi, Sancho Panza, mkulima asiyejua kusoma. Methali hazimwishi kinywani, na bwana wake humkemea kwa kuzimwaga ovyo.

Katika sehemu ya pili wakubwa wanampa utawala wa kisiwa cha uongo ili wamfanyie mzaha. Wazee wawili wanaletwa mbele yake. Mmoja anadai sarafu kumi za dhahabu. Mwenziwe anaapa kwamba amekwisha zilipa, na wakati wa kuapa anampa mdai ashike fimbo yake. Sancho anatafakari, anaagiza fimbo ivunjwe, na sarafu zote zinaonekana ndani. Waliokuja kucheka wanabaki kustaajabu.

Kitabu hakikosi ila. Sehemu ya kwanza ina hadithi za kando ndefu, zinazomchelewesha msomaji njiani. Hata hivyo haki aliyomtendea Sancho inafidia uchovu huo. Cervantes hakumfanya msomi ili apate kumheshimu. Alimwacha na usemi wake wa shamba, akaonyesha kuwa ndani yake mna akili ya kuamua.

Wewe unayesoma Kiswahili hutaingia katika lugha hii mikono mitupu. Waislamu walitawala sehemu za Uhispania tangu mwaka 711 hata mwaka 1492, na Kiarabu kikaacha humo maneno mengi, kama kilivyoacha katika pwani yetu. Fulano ni fulani. Azúcar ni sukari. Hasta ni hata, kwa maana ya mpaka. Cervantes mwenyewe alikaa utumwani Algiers miaka mitano, tangu 1575 hata 1580, na katika kitabu chake anajifanya kwamba kisa amekipata kwa mwandishi wa Kiarabu.

Lakini ufunguo mkubwa zaidi ni ule ulioupata nyumbani. Kijana wa Bokoli aliyewasikia wazee wakiamua ugomvi wa mpaka wa shamba kwa methali amekwisha kutana na Sancho kabla ya kumsoma. Kuna vijana ambao, wakipanda darasa, huanza kuonea haya usemi wa wazazi wao. Kijana wa namna hiyo aweza kuhitimu Kihispania kwa sifa, na bado akasimama upande wa wale waliompa Sancho kisiwa ili wamcheke.