Juu ya Wanafunzi Kusaidiana Katika Uchumi na Utunzaji wa Hesabu

Wanafunzi wa masomo ya biashara katika shule zetu za Singida wana desturi moja ambayo twapenda kuisifu kabla ya kuikosoa. Mtihani ukikaribia, hukaa watatu au wanne pamoja jioni, na maswali ya miaka iliyopita yakiwa kati yao, na ajuaye humwonyesha asiyejua. Tena siku hizi maswali yaliyokwisha jibiwa hupita toka simu hata simu, na mtoto wa Iramba aweza kusaidiwa na mwenzake wa Manyoni ambaye hawajapata kuonana. Ni jambo jema, maana vitabu havimtoshi kila mtu.

Walakini tumeyasoma majibu hayo kwa makini, na mengi ni tarakimu tu. Mmoja auliza, “Faida ghafi ni ngapi?” Mwingine amtajia, na wote wawili huridhika. Hapana aulizaye imetoka wapi.

Natutoe mfano. Mwenye duka amenunua mizani ya kupimia alizeti kwa shilingi 240,000. Mwanafunzi aiandika katika hesabu ya manunuzi, kana kwamba mizani ni kitu cha kuuzwa, na fedha iliyotoka aiandika upande wake ipasavyo. Kisha atengeneza urari. Pande mbili zalingana, naye kwa furaha awapelekea wenzake. Kumbe kosa limo! Mizani ile ni mali ya kudumu, si bidhaa, na faida ghafi ya duka imepunguzwa kwa shilingi 240,000 zote. Urari hauwezi kulifichua kosa la namna hiyo, kwa sababu hauulizi kama kila kitu kimewekwa katika hesabu yake. Waangalia tu kama jumla za pande mbili ni sawa. Mwenzake aliyenakili jibu amenakili na kosa, tena kwa moyo mtulivu.

Katika uchumi ubaya ni wa namna nyingine. Tumekuta jibu moja juu ya bidhaa mbadala, yaani zile ziwezazo kushika mahali pa nyingine, lenye mfano wa chai na kahawa, nalo limenakiliwa na wengi neno kwa neno. Chai na kahawa, hali baba zao walima alizeti! Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoanguka, wakulima walilalamika juu ya mafuta ya kula yaletwayo kutoka nchi za nje. Somo lilikuwa pale pale nyumbani: mafuta ya mawese yakiwa rahisi, wanunuzi wengi huyaacha ya alizeti, wenye mashine za kukamua wahitaji mbegu chache, na gunia la mkulima lashuka bei. Amwelezaye mwenzake hivyo amemsaidia kweli.

Wala jambo hili haliishi na mtihani. Kijana huyu akirudi nyumbani, huenda akakabidhiwa daftari la chama cha ushirika au la kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kuwa amesoma. Wazee wenye fedha zao humo hawataweza kuyakagua aliyoyaandika. Wataonyeshwa pande mbili zilizolingana, nao wataamini.

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zenye mifano ya majibu mazuri na mabaya, pamoja na sababu za watu kukosa. Twashangaa kuona makundi haya yakizipita. Sehemu moja ikisomwa na kujadiliwa kila juma, ingefaa kuliko karatasi kumi za kunakili. Tena aulizwaye asitaje tarakimu kabla mwenzake hajasema ni kitu gani kimeingia na ni kitu gani kimetoka. Akishindwa kusema, na waanze tena tangu mstari wa kwanza wa swali, hata kama jioni nzima itakwisha kwa swali hilo moja.