"Daraja lilishaondoka, mwalimu": tovuti tano za kufundishia Jiografia na kasoro zake

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kabla sijaanza shahada ya uzamili nilijitolea kufundisha Jiografia kidato cha pili katika shule moja ya kata. Tulikuwa na projekta ya kuazima, kompyuta mpakato yangu na bando langu. Siku hiyo somo lilikuwa mito. Nikafungua Google Earth, nikalipeleka darasa zima mpaka kwenye mto unaopita nyuma ya shule, nikasema kwa kujiamini: "Huu hapa mto wetu, mnauona ulivyo sasa hivi."

Mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo picha ya zamani. Hilo daraja lilishaondoka na mvua."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Ila usiku ule sikulala vizuri. Mle darasani, aliyekuwa anafanya Jiografia ni yule kijana. Mimi nilikuwa naonyesha sinema.

Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa na walimu wenzangu, "Tovuti gani nzuri za kufundishia Jiografia?" Orodha zimejaa kila mahali, na karibu zote zinasifia tu. Leo nataka tuzikosoe. Nimechagua tano ninazozitumia kweli, zote unaweza kuzifungua bure, na kila moja nitaiuliza maswali yaleyale matatu: hiki ninachokiona ni cha lini? Kimepigwa picha au kimekokotolewa? Na ni nini hakimo?

1. Google Earth: nzuri mno, na hapo ndipo tatizo

Hakuna tovuti inayowashangaza wanafunzi kama hii. Unaanzia dunia nzima inayozunguka, unashuka mpaka kwenye paa la bwalo la shule. Kwa kufundisha umbo la nchi, mabonde, kreta na mikondo ya mito, sijaona inayoizidi. Ukiinamisha mtazamo kwenye Ol Doinyo Lengai, mwanafunzi anaelewa kontua zilizobanana zina maana gani kabla hujamaliza sentensi.

Lakini ile dunia si picha moja. Ni viraka vingi, vya setilaiti na vya ndege, vilivyopigwa siku tofauti na miaka tofauti, kisha vikaunganishwa na mawingu yakaondolewa. Kijiji kimoja kinaweza kuwa cha mwaka juzi na jirani yake cha miaka minane iliyopita. Tarehe ipo, lakini imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya skrini, na nani anaangalia huko? Toleo la Pro la kompyuta, ambalo ni bure tangu 2015, lina kitufe cha picha za zamani. Anza somo na kitufe hicho. Waambie wanafunzi wapange picha za sehemu moja kwa miaka, kisha waeleze nini kimebadilika na kwa nini. Hapo sinema inageuka kuwa somo.

2. NASA Worldview: haipendezi sana, ila ni mkweli

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo wanafunzi huinunia dakika tano za mwanzo. Haina majumba wala magari. Pikseli moja ya picha za MODIS inafunika takriban mita 250 kwa 250, kwa hiyo shule yako nzima ni nukta moja, kama inaonekana. Mara nyingi utakuta mawingu tu.

Lakini tarehe iko wazi chini ya skrini, na unaweza kurudi siku kwa siku mpaka mwaka 2000. Mawingu yenyewe ni somo: mwambie mwanafunzi aangalie Ziwa Victoria kwa wiki mbili, aandike mawingu yako wapi kila siku. Au jaribu hili: Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Tafuta siku isiyo na mawingu kabla ya hapo, halafu nyingine mwaka 2024, uzilinganishe. Ziwa ambalo halikuwepo linatokea mbele ya macho yenu, na maswali yanakuja yenyewe: maji haya yangekuwa wapi? Delta ya chini yake itapata mchanga na tope kiasi gani?

Kasoro yake ni alama za moto. Ukiwasha tabaka hilo wakati wa kiangazi, Afrika inaonekana kama inaungua yote. Nukta nyekundu inaonyesha kwamba setilaiti imehisi joto mahali fulani ndani ya pikseli. Ukubwa wa nukta si ukubwa wa moto. Inaweza kuwa mkulima anasafisha shamba. Usipolisema hili, mwanafunzi anaondoka na picha ya uongo kuhusu bara lake mwenyewe.

3. The True Size: mzaha mzuri usiomaliziwa

Unaandika jina la nchi, unaikokota na kuiweka juu ya nchi nyingine. Iburute Tanzania mpaka Ulaya kaskazini, utashangaa. Kwenye ramani nyingi za ukutani Sweden inaonekana kubwa kuliko Tanzania, wakati Tanzania ni takriban mara mbili ya Sweden.

Sawa. Darasa limepiga makofi. Halafu? Tovuti inaishia hapo, na walimu wengi wanaishia hapo pia, kwamba "Wazungu walitupunguza." Tatizo ni hesabu. Mercator alitengeneza ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili mstari mnyoofu uwe uelekeo mmoja wa dira. Gharama yake ni kwamba kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, urefu unavutwa kwa moja gawanya kwa kosaini ya latitudo. Kwenye nyuzi 60 kosaini ni nusu, kwa hiyo urefu unakuwa mara mbili na eneo mara nne. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuikokotoa mwenyewe. Kwa nini ramani ya mabaharia iliendelea kutundikwa kwenye madarasa ya watu wasio mabaharia, hilo ni swali halali kabisa la kihistoria. Liulize baada ya hesabu, si badala yake.

4. Windy: rangi zinazosema kwa uhakika kuliko zinavyojua

Mishale ya upepo inatiririka, mvua ni bluu, joto ni jekundu. Kwa kufundisha pepo za monsuni hakuna kitu rahisi zaidi: ifungue ikiwa Januari, ifungue tena ikiwa Julai, mwanafunzi wa Tanga au Mombasa anaona kaskazi na kusi ambazo babu yake mvuvi anazijua kwa majina.

Ila kumbuka swali la pili. Sehemu kubwa ya unachokiona pale kimekokotolewa na kompyuta. Hakuna aliyepiga picha upepo. Modeli inagawa dunia katika vyumba, kila chumba kilomita kadhaa, na inakadiria ndani yake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, watu walikuwa wanatumiana picha za skrini za Windy kana kwamba ni picha za kamera. Dawa imo ndani ya tovuti yenyewe: ina modeli zaidi ya moja. Chagua siku tano zijazo, soma modeli ya kwanza, kisha ya pili. Zikitofautiana, na mara nyingi hutofautiana, darasa limeelewa utabiri ni nini. Na kwa usalama wa watu, neno la mwisho ni la mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako.

5. OpenStreetMap: ramani yenye mashimo

Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea. Kwa mtazamo wa kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote. Nenda Dar es Salaam, utaona nyumba kwa nyumba, mifereji na vichochoro. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kupitia Ramani Huria, kuanzia 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaani kuchora maeneo yanayofurika. Sasa nenda vijijini: barabara moja, jina moja, kisha nafasi tupu.

Nafasi tupu haina maana kwamba hakuna watu. Ina maana kwamba hakuna aliyechora. Hilo ni somo ambalo vitabu vyetu havilifundishi: kila ramani ina mtu nyuma yake, na mtu huyo hakufika kila mahali. Faida nyingine ni ya mfukoni. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinatumia data hizi bila intaneti. Pakua mara moja kwenye simu, tumia muhula mzima.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama una saa moja na bando dogo, ningesema chukua Worldview na OpenStreetMap. Fungua kurasa nyumbani usiku, piga picha za skrini, zichapishe hata kwa rangi nyeusi na nyeupe. Google Earth iache kwa siku ya kuwavutia. Na usiwaonee aibu wanaosema swali la usomaji wa ramani kwenye mtihani wa kidato cha nne halihitaji tovuti. Wana hoja. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuuliza "hii ni ya lini?" hata karatasi ya fotokopi anaisoma kwa macho tofauti.

Mimi na darasa langu tulikwenda mtoni wiki iliyofuata. Nguzo mbili zilikuwa bado zimesimama, na watu walikuwa wanavuka kwa mtumbwi. Kwenye OpenStreetMap barabara ilikuwa ingali inapita juu ya maji kama kawaida, na dereva wa bodaboda mgeni angeifuata. Yule kijana wa dawati la nyuma alikaa kwenye kompyuta yangu, akaliondoa daraja, akaweka kivuko. Ilimchukua kama dakika kumi. Kisha akauliza kama anaweza kuongeza na njia ya kwenda kwao.