Walipunguza Nguvu, Wakaacha Kasi

Respawn, watengenezaji wa Apex Legends, hawakukosea kuugusa msaada wa kulenga. Walikosea pa kuugusa. Msimu wa 22 wa gemu hiyo ulipoanza Agosti 2024, watu wa pedi kwenye lobi za PC walikuta umekatwa asilimia 25, kutoka 0.4 hadi 0.3, na watu wa mausi wakapiga vigelegele. Kwangu ile ilikuwa kupunguza chumvi kwenye mchuzi ulioungua.

Chukua pambano la mita tano, R-99 mkononi, adui anayumba kushoto na kulia. Mwenye mausi anamwona amegeuka, ubongo unapokea, mkono unafuata. Hata kwa kijana mwepesi hapo zimeshapotea kama milisekunde 200, na kwa bunduki inayotema risasi 18 kwa sekunde, hizo ni risasi tatu na ushei zilizokwenda hewani. Mwenye pedi je? Mradi vijiti vinasogea, gemu yenyewe inamzungushia kamera katika fremu ileile ambayo adui amegeuka. Hajaona wala hajawaza, lakini yupo naye. Sasa hiyo 0.4 au 0.3 inaamua avutwe kiasi gani. Kuvutwa kunaanza lini, hilo halikuguswa.

Dawa ilikuwa kuuchelewesha. Adui akibadili upande, msaada usubiri kadiri jicho la binadamu linavyosubiri, ndipo ufuate. Baada ya hapo rudisha 0.4, ukipenda weka hata 0.6 ya konsoli, sitalalamika. Kwa kuchagua namba badala ya muda, wamemwadhibu asiyestahili: mpiganaji wa mbali, anayehangaika na kidole gumba kwenye mita arobaini na R-301, amepoteza robo ya nafuu aliyoihitaji kweli, huku bingwa wa karibu bado anarushiwa fremu za bure.

Kuziacha lobi za konsoli pekee kama zilivyokuwa, hapo walipatia.

Lakini hawa si ndio walewale wa 2021? Walitangaza kufuta tepu-strefi, ule ujanja wa kukata kona hewani kwa gurudumu la mausi, sababu mojawapo ikiwa eti haifikiki kwa kila mchezaji, kisha wakasitisha. Fremu za bure nazo zinafikika kwa mwenye mausi? Mwezi uleule wa Agosti 2024, Valve waliamua kwamba kibodi inayokutatulia mgongano wa vitufe vya A na D, kama Snap Tap ya Razer, inakutoa kwenye seva rasmi za Counter-Strike 2. Kwao mashine haifanyi kazi ya vidole vyako. Kwa Respawn inafanya, ila kwa punguzo.

Mwaka 2023 ImperialHal, mwenye mausi wa kuogopwa, alihamia pedi, na timu yake, TSM, wakabeba ubingwa wa dunia wa Apex huko Birmingham. Huyo hakuhama kwa mapenzi, alipiga hesabu. Genburten, bingwa mwingine wa pedi, sina neno naye, amekulia humo. Ila mnaponiambia hiki ndicho kilele cha kulenga, namkumbuka Thresh, Atlanta 1997, akimfunga Entropy 14 kwa -1 kwenye Quake na kuondoka na Ferrari ya John Carmack. W, A, S, D na mausi, na hakuna aliyemshika mkono.

Kama walitaka kweli kumfidia mwenye pedi, sehemu zipo. Miaka mingi alikuwa hawezi kutembea huku anapekua boksi la marehemu. Mwenye mausi alipekua akiyumba, yeye alisimama wima akisubiri risasi ya Kraber. Vitufe vyake ni haba, silaha na ngao anabadilisha kwa kubanabana vidole. Hayo yote yana dawa isiyohitaji kumlengea. Wangeanzia huko, kabla ya kuigusa namba yoyote.