Tashihisi na Mabadiliko ya Mhusika katika Ufundishaji wa Tamthiliya: A Christmas Carol na Mashetani

Mkazi wa Mtoni, wilayani Temeke, anaposema kwamba Mto Kizinga umekasirika wakati wa masika, ametumia tashihisi. Mwanafunzi huizoea mapema tamathali hiyo: huinakili sentensi, hutaja jina lake, hupata alama. Ugumu huanza katika tamthiliya, ambamo kisicho mtu hakisemwi tu, bali hupanda jukwaani kikiwa na mwili na kumkabili mhusika.

A Christmas Carol ya Charles Dickens ilichapishwa London Desemba 1843, na kufikia Februari 1844 ilikuwa imekwisha kuigizwa jukwaani. Humo Ujinga na Uhitaji ni watoto wawili waliokonda, waliojibanza chini ya joho la mzuka wa Krismasi. Hawaneni. Scrooge, bahili aliyewahi kuuliza kama hakuna magereza ya kuwapeleka maskini, anapowahurumia hurudishiwa swali lake mwenyewe. Hapo ndipo tashihisi na mabadiliko ya mhusika yanapokutana: Scrooge hubadilika kwa kuyasikia maneno yake yakitoka katika kinywa kisicho chake. Kufundisha tashihisi wiki hii na aina za wahusika wiki ijayo ni kuukata uzi huo.

Katika Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, uhusiano huo ni mzito zaidi. Kitaru na Juma wanaigiza Binadamu na Shetani, mchezo ndani ya mchezo. Wakimaliza, Kitaru hatulii tena. Anataka kujua kama kweli Binadamu alimshinda Shetani. Shetani huyo, ambaye wahakiki wamemhusisha na ukoloni na ukoloni mamboleo, hamrekebishi mtu kama ifanyavyo mizuka ya Dickens. Humwachia shaka na maradhi. Scrooge huamka akanunua bata mzinga. Kitaru hapati asubuhi ya namna hiyo.

Kumwita Kitaru mhusika duara na kuishia hapo, basi, ni jibu sahihi lisilosema kitu. Swali lenye manufaa zaidi darasani ni hili: mhusika alisema nini kabla ya kukutana na kiumbe huyo, ambacho baadaye hawezi kukisema tena? Swali hilo hujibika vizuri kwa kuigiza. Mwanafunzi mmoja asimame kama Uhitaji, kimya, na mwenzake azisome kauli za awali za Scrooge huku akimtazama usoni. Hata katika darasa lililojaa, hilo halihitaji zaidi ya hatua chache mbele ya ubao.