“Yanayoruhusiwa” na “Yanayowezekana” katika Kanuni za Lugha ya C

Neno “inaweza” limezoeleka mno katika tafsiri za kanuni na maagizo, hata ni nadra kukumbuka kwamba hubeba maana tatu: uwezo, idhini na uwezekano. Msomaji wa waraka wa ofisi aghalabu hukisia iliyokusudiwa. Katika kanuni zinazofasili lugha za kuandikia programu za kompyuta, makisio ya namna hiyo huleta madhara.

Tuchukue lugha ya C. Kiwango chake cha kwanza kilitolewa Marekani mwaka 1989, kikapokewa kimataifa mwaka 1990. Humo zilifasiliwa hali ambazo kiwango hakiziwekei sharti lolote, mathalani kugawa namba kamili kwa sifuri, au kujumlisha namba kamili zenye alama hata jumla ikapita ukomo wake. Papo hapo yakatajwa matokeo “yanayoruhusiwa”, tangu kuipuuza hali hiyo hadi kuisimamisha programu. Katika toleo la 1999 neno hilo liliondolewa, likawekwa lenye maana ya “yanayowezekana”, na maelezo yote yakashushwa kuwa tanbihi.

Wapo walioshikilia kuwa neno la kwanza liliweka mpaka. Wengine hujibu kwamba pasipo sharti hapana mpaka. Mabishano haya si ya maneno matupu: mtunga programu aliyeweka kipimo baada ya kujumlisha, ili agundue kama ukomo umepitwa, huenda akakuta kompaila imekifuta kipimo chake, kwa hoja kwamba hali hiyo haihesabiwi kutokea. Kwa maoni yetu maandishi ya kwanza yalijipinga yenyewe. Asiyeweka sharti hana idhini ya kutoa.

Sasa mfasiri wa Kiswahili akiandika “matokeo yanaweza kuwa”, atakuwa ameyafuta mabadiliko ya 1999 kwa neno moja, wala msomaji wake hatajua kuwa palikuwa na ubishi.

Tunapendekeza “inaruhusiwa” kwa idhini na “huenda” kwa uwezekano. Aidha, kishawishi cha kuyaita “yasiyojulikana” matendo yote matatu yanayotofautishwa na kiwango hicho kikataliwe. “Tendo lisilofasiliwa” halina sharti lolote. “Lisilobainishwa”, kama mfuatano wa kukokotoa hoja za kazi, lina njia kadhaa halali, na kompaila haidaiwi kueleza imeshika ipi. “Linaloamuliwa na mtengenezaji”, kama ukubwa wa namba kamili, ni lazima lielezwe katika kitabu chake cha maelezo. Kati ya hayo, “lisilobainishwa” ndilo linalotutia shaka, kwa kuwa masikioni liko karibu mno na “lisilofasiliwa”. Walimu wa kompyuta wenye neno bora watuletee.