Nani Anaruhusiwa Kuanguka Kwenye Theluji

Kila Februari, shule za mtaala wa Kiingereza zikichukua ile likizo fupi ya katikati ya muhula, simu za watu wa Lavington hubadilika rangi. Wiki jana ilikuwa picha za chakula pale Valley Arcade na malalamiko ya jam ya James Gichuru. Ghafla kila kitu ni cheupe. Courchevel. Verbier. Chamonix. Mtu uliyezoea kumwona kwa geti akingoja chakula kiletwe na pikipiki sasa amevaa helmeti na miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea mageti, na nyuma yake kuna mlima.

Najua wengi wetu hizi posti tunazipita tukisonya. Mimi huzisoma polepole, kwa sababu ni maandishi, na ni aina ya maandishi iliyo na kanuni zake. Kwanza huja miguu, skii mbili zimeelekezwa bondeni. Pili sahani, mara nyingi jibini iliyoyeyushwa, na bei yake kwa yuro. Tatu, video ya mwenyewe akianguka. Nne, mlima wakati jua linatua, na neno moja la kuusifu. Ukifuta majina ya mahali, hakuna kitu kitakachokuambia kwamba Verbier iko Uswisi na Courchevel iko Ufaransa, au kwamba moja ina hili na nyingine haina. Kama ukosoaji wa mahali, hazina kitu.

Lakini ile video ya tatu huwa inanishika. Hapo tu ndipo mwili unakutana na mlima kwa ukweli. Mtu anaenda chini, skii moja inatoroka, theluji inaingia kwa kola, na anacheka. Marafiki wanacheka. Hakuna anayeuliza amefuata nini huko. Anaanguka kwa raha zake, kama mtu aliye na haki ya kuanguka.

Haki hiyo ina historia, na sehemu yake moja iliandikwa vizuri sana. Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, alikuwa akikaa Davos kwa sababu mke wake aliugua kifua kikuu. Machi 1894 alivuka mlima kwa skii kutoka Davos hadi Arosa, na Desemba mwaka huohuo jarida la The Strand likachapisha simulizi yake. Ukiisoma leo, utaitambua mara moja. Ni posti ya Lavington, ila ni ndefu na ni ya mtu anayejua kuandika. Anaanguka, anajicheka, anateremka mteremko mmoja kwa makalio hadi suruali yake ya sufu inalalamika, kisha anatabiri kwamba siku moja Waingereza kwa mamia watakuja Uswisi kwa ajili ya mchezo huu. Walikuja. Utabiri ulitimia kuliko alivyofikiria.

Kuna jambo moja la kuangalia hapo. Conan Doyle hakuwa peke yake. Aliongozwa na ndugu wawili wa Davos, Tobias na Johannes Branger, na hao walikuwa wameshavuka njia hiyohiyo mwaka uliotangulia. Wao walikuwa wenyeji, waliijua njia, na ndio waliomwonyesha pa kupita. Lakini safari inayokumbukwa ni ya mgeni, kwa sababu mgeni ndiye aliyeandika. Kufika kwanza hakukusaidii kitu kama hadithi inasimuliwa na mwingine.

Sasa weka simulizi hiyo kando ya nyingine tunayoijua. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mbio za masafa ya kati kutoka upande wa Eldoret. Mwaka 1996 yeye na Henry Bitok walipelekwa Finland kujifunza skii, kampuni ya Nike ikigharamia. Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, Boit akaingia mbio za kilomita 10 na kumaliza wa 92, nyuma ya wote, karibu dakika 20 baada ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari na kumkumbatia. Baadaye Boit alimpa mtoto wake jina la Dæhlie.

Ni hadithi tamu, na imesimuliwa mara elfu. Kila mara inasimuliwa vilevile: Mwafrika, baridi, wa mwisho, kumbatio. Wengine walisema tangu mwanzo kwamba ilikuwa tangazo la viatu tu. Wengine walifurahi na wakafuta machozi. Pande zote mbili zilikubaliana kwa jambo moja, kwamba cha kutazamwa ni Boit mwenyewe. Theluji ilibaki kuwa pazia la nyuma.

Na bado Boit ana maneno juu ya theluji, na ni maneno ya mtu wa kazi. Ameeleza jinsi theluji iliyolowa ilivyonata chini ya skii zake siku ile, mpaka zikawa nzito. Hayo ni maelezo ambayo hutayapata kwa video yoyote ya Courchevel. Theluji kavu na theluji yenye mvua ni vitu viwili tofauti, mtu hupaka nta tofauti, husukuma tofauti, huchoka tofauti. Boit alijifunza tofauti hiyo kwa mapaja na mapafu. Alirudi kwenye Olimpiki mwaka 2002 huko Salt Lake City, tena 2006 huko Torino, ambako mbio zilifanyika Pragelato, ndani kabisa ya Alps. Yaani tunaye Mkenya aliyeteleza kwenye milima hiyohiyo inayotujazia simu kila Februari, na bado tukimwuliza swali, ni lile la kumbatio.

Conan Doyle akianguka, ni ucheshi. Mtoto wa Lavington akianguka, ni likizo. Boit alipochelewa, ikawa habari ya dunia nzima. Kosa la wasimulizi ni kwamba walimnyima nafasi ya kuwa mwanafunzi. Mwanafunzi wa kitu chochote huanguka, na hakuna la ajabu hapo.

Miezi miwili baada ya Nagano, Aprili 1998, Sabrina Simader alizaliwa Kilifi. Alipelekwa Austria na mama yake akiwa mdogo, akakulia huko, na mwaka 2018 huko Pyeongchang akawa Mkenya wa kwanza kushindana kwenye skii za milimani katika Olimpiki. Huyu hadithi ya zamani haimtoshi. Mteremko kwake si mshangao, ni kama vile wewe unavyojua njia ya mkato ya kutokea Gitanga Road hadi Kawangware. Na vyombo vyetu vya habari vilipompata vikarudi palepale: Mkenya kwenye theluji, ajabu! Ajabu iko wapi, kama mtu amekulia hapo?

Tatizo si la lugha, msidanganywe. Kiswahili kina theluji, kutoka Kiarabu. Kina barafu, neno la Kiajemi ambalo kule kwao ni theluji yenyewe. Na kina ushahidi wa zamani zaidi. Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Anaandika kwamba kiongozi wake wa njia aliuita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alilitaja kama kwamba neno limempungukia yule mtu. Mimi nalisoma kinyume. Mwenye neno hilo alitaja kile mlima unachokufanyia ukiukaribia. Huko London, mabwana wa jiografia kama Cooley walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, wakiwa wamekaa sebuleni kwao. Mwenye “baridi” alikuwa sahihi kuliko wao wote.

Hicho ndicho kipimo changu. Ukienda, na uende salama, usituletee mlima unaopendeza. Tunao wa mita 5,199, mrefu kuliko wowote wa Alps, na barafu yake inaisha tukiangalia. Tuambie theluji ya siku hiyo ilikuwa ya aina gani. Tuambie nani alikufundisha, na jina lake. Tuambie kwa dirisha la viza ulilipa yuro 90 ambazo hazirudishwi ukikataliwa, ukapeleka na taarifa za benki, kuthibitisha kwamba utarudi nyumbani. Kisha weka ile video ya kuanguka. Hapo nitacheka na wewe, na nitakuwa najua nacheka nini.