Jumla ya Pamba Isiyoacha Kilo

Mkoa wa Simiyu una wilaya tano lakini halmashauri sita, kwa kuwa Bariadi ina mbili: ya Wilaya na ya Mji. Kwa mpita njia hilo si kitu. Kwa karani anayekusanya hesabu za pamba za vyama vya msingi, AMCOS, kazi inaanzia hapo.

Swali la wakubwa huwa fupi: pamba safi ya Juni, mkoa mzima, ni kilo ngapi? Faili la Excel lina karatasi sita, kila halmashauri na yake, na kila mstari ni mzigo mmoja uliopita mizanini: tarehe, AMCOS, daraja, kilo. Mizigo ya daraja la safi na ya daraja la fifi imefuatana kama ilivyofika ghalani.

Karani hodari haanzi kunakili. Anaorodhesha majina ya karatasi pembeni, INDIRECT inayageuza kuwa anwani, na SUMIFS inapita mstari kwa mstari, ikichukua kilo pale tu masharti yote, ya daraja na ya tarehe, yanapotimia. Zinatoka jumla sita kwa mpigo, SUMPRODUCT inaziunganisha. Na kwa sababu jina "Bariadi Mji" lina nafasi katikati, analifunga kwa alama moja ya juu (') kila upande. Akiisahau, karatasi hiyo haisomeki na jibu linakuwa kosa tupu.

Kinachonivutia zaidi ni anavyozikagua tarehe. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani husoma mwezi kabla ya siku. Mzigo wa 05/06, yaani tarehe 5 Juni, unahamia 6 Mei bila kelele, na kwa kuwa Mei nayo ni mwezi wa ununuzi, hakuna anayeshtuka. Wa 25/06 hauna mwezi wa 25 wa kukimbilia, basi unabaki maandishi, na sharti la tarehe linauruka. Jicho lililozoea hulijua tatizo hili la pili kabla ya fomula yoyote: tarehe ya kweli hukaa kulia mwa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Nafasi iliyobaki nyuma ya neno "Safi " haionekani hata kwa jicho hilo, nayo yatosha kuuondoa mzigo mzima kwenye jumla. Kwa hiyo anapitisha TRIM kwanza. Sharti la mwisho wa mwezi analiandika "kabla ya 1 Julai", ili mzigo wa tarehe 30 uliorekodiwa na saa yake usiachwe nje.

Huku Usukumani, uangalifu huu una historia. Wakulima wa pamba walijenga ushirika wao miaka ya 1950 wakiwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi, na 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Kilo iliyopimwa kwa haki mizanini kisha ikapotea kwenye karatasi ni dhuluma ileile, hata kama hakuna aliyekusudia.

Wewe unayefunga hesabu za msimu, kabla ya kutuma taarifa jumlisha kilo zote bila sharti lolote, kisha jumlisha safi na fifi za kila mwezi. Majibu hayo mawili yakipishana hata kwa kilo moja, usitume. Rudi kwenye mistari.